Pete ya Moshi

4 Machi

Mvua imeanza leo na sisi tumehamia leo. Sijui kati ya makao makuu na mawingu nani alimwambia mwenzake. Hospitali yetu safari hii ni shule ya msingi: madarasa sita, ofisi ya mwalimu mkuu ambayo Kanali ameshaichukua, na choo kimoja cha maana. Chumba cha upasuaji ni darasa la nne. Ubaoni kulikuwa bado na hesabu za kugawanya. Nikamwambia mtu wa usingizi asizifute, maana mume wangu ni mwalimu wa hesabu na nilitaka kitu cha kunikumbusha nyumbani. Akazifuta. Alisema ubao ni wa orodha ya majeruhi.

Huyo ndiye Kaputi. Jina lake la kweli limebaki kwenye karatasi ya mshahara. Wote tunamwita Kaputi kwa sababu kazi yake ni nusu kaputi, kuwalaza watu ili mimi niwakate. Tuna miaka kumi na mmoja pamoja na hajawahi kunitii kwa kuambiwa mara moja.

Daftari hili nimepewa na mume wangu. "Andika humo," alisema, "halafu ukirudi usinipigie kelele mimi." Haya, nimeanza. Mimi ni daktari mpasuaji wa jeshi, cheo changu meja, mwaka wa kumi na tisa kazini. Askari huniita Shangazi wakidhani sijui. Si kwa mapenzi. Ni kwa sababu nagomba.

5 Machi

Paa linavuja juu ya meza ya upasuaji. Tumeihamisha meza.

6 Machi

Linavuja huku pia.

9 Machi

Walianza kupigana mtoni kulipopambazuka, na kufikia saa tatu baraza lote lilikuwa limejaa machela. Kumi na tisa kwa mkupuo mmoja. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulikuwa tunapigiana kelele kama watu wa sokoni.

Wa kwanza hakuwa na taya la chini. Aliletwa akiwa ameketi, anajishika shingo kwa mikono miwili, kwa kuwa akilala tu anazama kwenye damu yake mwenyewe. Niliupitisha uzi kwenye ulimi wake, nikauvuta mbele, nikaufunga kwenye kifungo cha shati lake ili usimzibe koo. Alinitazama wakati wote. Wa pili mguu wake ulikuwa unashikiliwa na ngozi na kamba ya kiatu. Hakuna cha kuokoa hapo, nikachukua msumeno. Kaputi alikuwa hajamaliza kumlaza, nikamgombeza, akaniambia nisubiri, nikasubiri. Wa tatu tumbo lake lilikuwa wazi na alikuwa anauliza kama atakula. Nilikata utumbo mahali pawili nikaunganisha. Alikufa nikiwa nafunga. Damu na maji ya mvua vilikuwa vinatiririka pamoja sakafuni, mpaka tukapanga madawati ya watoto tupite juu yake.

Wanne wamekufa. Kumi na watano wako hai, angalau hadi nilipoondoka.

Katikati ya hayo yote Mwokaji aliniudhi. Ni sajini wa wabeba machela, pande la mtu, nyumbani alikuwa na tanuri la mikate. Alileta mtu mwenye paja lililochanika, na ndani ya kidonda amejaza sukari. Sukari! Eti inakausha damu, eti kwao walitibiwa hivyo wakiungua tanurini. Damu ilinichemka. Nilimrushia bakuli la chuma, likampata kifuani, nikamwambia mbele ya watu wake wote: "Nikiona tena takataka za jikoni kwenye mgonjwa wangu, utakwenda kubeba mabomu badala ya machela. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, afande."

"Sijasikia!"

"Nimekuelewa, afande!"

Aliokota bakuli, akaliweka mezani polepole, akatoka kwenye mvua. Kaputi aliniambia nimezidisha. Nikamwambia aangalie mgonjwa wake.

10 Machi

Yule wa taya amekufa. Kifungo kilikuwa bado kimeshika.

17 Machi

Lori la dawa limezama kwenye matope kilomita arobaini kutoka hapa. Hatuna unga wa kugandisha damu, sisi wala wabeba machela walioko mtoni. Pampu ya kisima nayo imeziba. Maji yanatuingia mpaka kwenye viatu, na bado maji safi ni ndoo nane kwa siku, zote za kuchemshia vyombo na kunawa mikono. Hakuna kuosha mgonjwa. Tunapangusa kwa kitambaa tunakata.

21 Machi

Kanali amekuja na fomu. Ni mtu mwembamba, mkimya, anakohoa kwenye leso na kuikunja vizuri kabla ya kuirudisha mfukoni. Alinihesabia: wiki hii askari kumi na mmoja wamepigwa risasi mkono wa kushoto. Wa kushoto tu.

"Daktari, woga unaambukiza kuliko kuhara," alisema. "Mtu anajipiga mkononi, anakwenda nyumbani. Mwenzake anaona. Wiki ijayo mstari wangu hauna watu, na wale wa ng'ambo wanavuka mto kwa kutembea."

Fomu ina swali moja la maana: risasi ilipigwa kwa karibu, ndiyo au hapana. Nikitia alama kwenye ndiyo, jopo la maafisa watatu linakaa, na adhabu ni moja.

Nilimwambia kazi hiyo hakuna aijuaye kama mimi, na sikutia chumvi. Miaka sita nimeifundisha chuoni. Bunduki ikifyatuliwa karibu na ngozi huacha duara jeusi kuzunguka tundu. Mimi ndiye niliyelipachika jina la pete ya moshi, na vitabu vya mafunzo ya jeshi sasa vinaliita hivyo. Kanali alisikiliza mpaka mwisho. Nadhani nilifurahi kusikilizwa.

24 Machi

Leo wa kwanza tangu fomu ije. Askari wa kawaida, mtu wa miaka thelathini na kitu, nyumbani ni fundi cherehani. Tundu katikati ya kiganja cha kushoto, na pete imelizunguka, nyeusi, pana kama kizibo cha chupa. Nilikuwa natoka kwenye tumbo la mtu na nakwenda kwenye kifua cha mwingine. Niliuinua mkono, nikaugeuza, nikaurudisha. Kazi yote haikuzidi muda wa kufunga kamba ya kiatu. Ndiyo faida ya uzoefu.

Alisema, "Daktari, nilikuwa nashikilia turubai la handaki letu. Maji yanajaa juu yake, lazima uyasukume yamwagike. Nikapigwa."

Nikamwambia, "Wote mnashikilia turubai."

"Mkono huu ndio unaosukuma kitambaa kwenye mashine. Mtu atajipiga risasi kwenye kazi yake?"

"Wa wiki iliyopita alikuwa mpiga gitaa," nikasema. Msaidizi mmoja alicheka. Nilitia alama, nikagonga muhuri, nikaenda kwenye kifua.

26 Machi

Naandika haya kwa sababu nimeshindwa kula.

Wamempiga risasi leo asubuhi nyuma ya shule, kwenye ukuta ambao watoto wameuchorea magoli. Sheria inataka daktari awepo athibitishe kifo. Askari sita, wote wa kombania yake. Walikuwa wanalia wazi wazi, na mtu anayelia halengi. Ofisa aliposhusha mkono, milio ilikwenda ovyo. Fundi alipigwa begani, pajani na ubavuni. Alianguka chini ya goli, akaanza kujivuta kwenye matope kwa kiwiko kama anayetafuta kitu alichoangusha.

Niliitwa. Nilipiga magoti, nikamshika shingo. Mshipa ulikuwa unagonga kwa nguvu. Ilinibidi niseme neno moja, nalo ni "bado". Alilisikia. Alinitazama na kusema, "Daktari, angalia tena." Nilidhani anasema juu ya shingo.

Ofisa akaja na bastola, akamwekea kwenye kipaji cha uso. Kichwa kilipasuka upande wa pili, vipande vikanirukia kwenye mkono wa koti. Niliangalia kipaji chake kwa mazoea tu. Pete ilikuwa pale, vipunje vyeusi vimezama ndani ya ngozi, na mvua yote ile haikuvigusa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kando, bendeji imelowa chepechepe, inatiririsha maji meusi. Nikafikiri ni uchafu. Nikasaini.

Kaputi ameniletea chai.

27 Machi

Mvua. Miguu miwili, macho mawili, yote ya mtu mmoja.

2 Aprili

Wawili wengine. Pete wazi kabisa, nimetia alama. Safari hii Kanali amebadilisha wafyatuaji, haikuhitajika bastola. Amenishukuru: majeruhi wa mkono wameshuka kutoka kumi na mmoja hadi wawili kwa wiki. Aliponishukuru alikuwa haniangalii usoni.

6 Aprili

Nimejua kwa nini wameshuka. Leo wameleta mtu aliyeficha mkono wake siku tisa ndani ya soksi. Risasi ilipita kwenye kiganja, lakini aliogopa kuja kwangu. Aliniogopa mimi, si jeraha. Mkono ulikuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko, ukiugusa unasikia hewa inatembea chini ya ngozi, na harufu yake iliwatoa nje wasaidizi wawili. Nilikata begani. Nilipopitisha kisu, hewa ilitoka kwa mlio. Amekufa saa nane mchana.

Zamani askari wakiniona walikuwa wanajikaza wasicheke. Sasa nikipita barazani, wanaingiza mikono chini ya blanketi.

8 Aprili

Dereva wa lori la risasi. Mkono wa kushoto, pete. Nimetia alama. Jopo litakaa tarehe kumi na tatu.

11 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianze na maji.

Jana fundi wa maji alizibua pampu, kwa hiyo leo tumekuwa na maji ya kuoshea. Wameshambulia tena, majeruhi thelathini na wawili. Wa kumi na nne aliletwa kifudifudi. Risasi imeingilia mgongoni, chini kidogo ya bega, imevunja mbavu mbili. Kuzunguka tundu kulikuwa na pete nyeusi.

Nilisimama na kitambaa mkononi. Hakuna binadamu anayejipiga risasi mgongoni kwa bunduki ndefu kama ile. Nikasema labda mwenzake amempiga kwa nyuma. Nikamwaga maji, nikasugua mara moja. Pete ikatoka yote. Kitambaa kikawa cheusi, na ngozi ya yule mtu ikabaki safi kama ya mtoto aliyeogeshwa.

Baruti haitoki hivyo. Vipunje vyake vinazama ndani ya ngozi, utasugua mpaka mifupa. Hilo nalifundisha mimi, somo la pili, baada tu ya pete: *osha kwanza, ndipo uangalie.* Nimeliandika kwa mkono wangu.

Nilimaliza mbavu. Nilimaliza na wengine kumi na wanane, sijui vipi. Halafu nikamwita Mwokaji darasani, nikamwonyesha kitambaa.

"Hii ni nini?"

Alirudi nyuma hatua moja.

"Sajini, sitakurushia kitu. Hii ni nini?"

"Masizi, afande."

"Ya wapi?"

"Ya masufuria. Unga wa damu uliisha, afande, watu walikuwa wanakauka mikononi mwetu. Tunakwangua masizi, tunachanganya na mafuta kidogo, tunajaza kidonda. Damu inasimama." Alikuwa amesimama wima, amekaza shingo. "Lakini tukifika pale getini tunapangusa. Tunapangusa vizuri. Yanabaki kidogo pembeni."

"Mnapangusa kwa nini?"

Aliniangalia kama mtu anayeona aibu kwa niaba yangu. "Ulisema ukiona takataka za jikoni tutakwenda kubeba mabomu."

Niliketi kwenye dawati la mtoto. Nikamuuliza juu ya mikono ya kushoto. Akasema turubai, afande, ni kweli. Maji yanajaa juu, bunduki iko mkono wa kulia, wanasukuma kwa wa kushoto, na kiganja kinachungulia juu ya ukingo. Kuna mlengaji wao ng'ambo ya mto, ameshakariri hilo. Yeye Mwokaji alishawaambia watumie fimbo.

"Yule fundi cherehani ulimbeba wewe?"

"Mimi mwenyewe, afande. Masizi nilimjaza kwa kidole changu hiki." Akakiinua. Hapo ndipo jitu lile likaanza kulia, mdomo wazi, bila sauti.

Alijua tangu lini? Hakujua. Hakuna aliyemwambia kwamba weusi ule una maana. Fomu haisomwi na mbeba machela.

12 Aprili

Nimekwenda kwa Kanali, nimemweleza yote bila kujitetea. Watatu waliouawa kwa alama yangu sikuwaosha hata mmoja. Fundi aliniambia niangalie tena nami nikamshika shingo.

Alikohoa, akakunja leso. "Ukisema ulikosea, watafufuka?"

"Hapana. Lakini wameandikwa waoga. Wake zao wameandikiwa barua. Na huyu dereva bado yu hai."

"Daktari, unajua kitakachotokea mstarini wakisikia tumewapiga risasi watu watatu bure?"

"Wameshasikia. Wanaiacha mikono ioze kwenye soksi kuliko kuja kwangu."

Nilimwekea barua yangu mezani, ya makao makuu, kurasa mbili, makosa yangu moja baada ya jingine. Aliisoma mara mbili. Kisha akaniwekea masharti, na nayaandika kama alivyoyasema: "Kesho utamwosha dereva mbele yangu. Weusi ukitoka, ni masizi. Namwachia, na barua yako inaondoka kesho hiyo hiyo. Usipotoka, anakwenda ukutani, na barua hii naichana, kwa sababu itakuwa jicho lako lilikuwa sawa tangu mwanzo."

Nilikubali. Nilikuwa na uhakika kama siku ile ya kwanza.

13 Aprili

Darasa la nne, saa nne asubuhi. Mimi, Kanali, Kaputi, na dereva amekalia meza ya upasuaji na askari wawili mlangoni. Ni mtu mfupi, sharubu zimekatwa vizuri, ana watoto wanne. Alinitajia bila kuulizwa. Ndoo mpya ya maji, sabuni, kitambaa cheupe.

Nilifungua bendeji. Nikamwaga maji. Weusi wa juu ukaondoka na maji ya kwanza, kama nilivyotegemea, na nikakaribia kutabasamu. Nikasugua kwa sabuni. Nikasugua tena. Chini ya masizi kulikuwa na vipunje. Vyeusi, vidogo, vimejipanga kuzunguka tundu, vimezama. Nikabonyeza kwa ukucha. Havikutikisika.

Alikuwa amejipiga.

Nilimtazama, akanitazama. Alijua ninachokiona. Nilikuwa nimemwinamia na mgongo wangu ulikuwa kati ya mkono ule na Kanali. Nilisikia leso ikikunjwa.

Kama ningesema ukweli, ningekuwa nimesema ukweli. Fundi angebaki mwoga, na wale wawili pia, na huyu angeburutwa chini ya goli la watoto. Mara tatu nilikuwa nimesema uongo kwa kudhani ni kweli. Sikujiuliza sana. Nikanyoosha mkono.

"Kisu. Kuna nyama iliyokufa hapa."

Kaputi alinipa kisu. Miaka kumi na mmoja, na leo ndiyo mara ya kwanza amenipa kitu kabla sijarudia.

Sikungojea ganzi, maana ningeingojea Kanali angesogea kuangalia. Nilizungusha kisu nje ya pete, ngozi nzima, upana wa kidole, mpaka kwenye mafuta. Dereva alipiga kelele ambayo iliwaleta watu madirishani. Kaputi alimlalia miguuni. Damu iliruka mpaka kwenye ubao. Nilikata mshipa wa kidole cha kati, nikaubana, nikakata tena, nikabandua ile ngozi yote ya mviringo na kuitupa kwenye ndoo ya taka, juu ya matumbo ya asubuhi. Dereva alikuwa amezimia.

"Imetoka?" Kanali akauliza.

"Imetoka."

Alikuja mpaka mezani. Aliangalia kidonda, kilichokuwa sasa chekundu na safi. Aliangalia ndoo kwa muda. Halafu akaniangalia mimi, usoni, mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

"Andika 'hapana' kwenye fomu yake," akasema, akaondoka.

20 Aprili

Barua imekwenda. Nimeitoa ile fomu ya dereva mara mbili leo kuiangalia. Atapoteza vidole viwili. Hasemi na mimi na sisemi naye.

Mstarini sasa wanasukuma turubai kwa fimbo.

3 Mei

Shambulio kubwa kuliko yote. Sitaki kuhesabu.

Mwokaji ameletwa na watu wake wenyewe. Alikuwa amembeba mtu mgongoni, bomu likaangukia nyuma yao. Yule mgongoni akafa papo hapo, na Mwokaji akaachwa bila miguu yote miwili chini ya magoti. Walikuwa wamemjaza masizi mpaka mapajani, tele, meusi, yanang'aa kwa mafuta. Hawakupangusa hata kidogo. Walimweka mezani na wakasimama wananitazama, wote wanne, wakingojea nitasema nini.

Nikawaambia, "Mmefanya vizuri."

Mwokaji alikuwa na fahamu. Alisema, "Shangazi, usinirushie bakuli," na kumbe ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote ameniita hivyo usoni. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka huku nimeshika mshipa wake mkubwa kwa vidole viwili na mfupa umetokeza kama mpini uliovunjika. Tulimpa damu chupa nne, moja yangu. Nilifunga kila kilichofungika. Saa kumi alasiri moyo wake ukasimama. Nikaufungua ubavu na kuusukuma moyo kwa mkono, laini, mkubwa kama mkate, mpaka Kaputi akanishika kiwiko na kusema basi, meja, basi.

Nimemwosha mwenyewe. Masizi yalitoka yote.

9 Mei

Mvua imepungua. Kanali amenikuta kwenye ngazi za darasa.

"Mimi si mjinga, daktari," akasema. "Nyama ile ilikuwa nzima."

Nilisogea, nikampa nafasi ya kukaa.

"Tangu yule fundi, sijala kitu kikakaa tumboni." Akakohoa, na leso ilipokunjwa niliona damu. Nilimwambia aje nimpime. Akasema akipata nafasi. Kwa miezi miwili nilimdhania jiwe, kisha nikamdhania mnyama. Ni mgonjwa aliyepewa mto wa kulinda na watu wasiotosha, naye akatumia nilichompa. Nilichompa kilikuwa alama kwenye fomu.

15 Mei

Jibu la makao makuu. Wale watatu wamefutiwa hukumu. Wataandikwa wamekufa vitani. Mimi nimeshushwa cheo na nimepigwa marufuku kufundisha. Unga wangu umemwagika, na vitabu vyenye pete ya moshi vinarudishwa vikarekebishwe. Kaputi amesema sasa hatalazimika kuniita meja, ataniita ninavyostahili. Nikamuuliza ni vipi. Akasema atafikiria.

21 Mei

Hakuna mvua. Hakuna wa kukata. Nimekaa.

2 Juni

Niko njiani kwenda nyumbani. Mume wangu alikuja kunipokea, nikamwomba tupitie mahali kwanza. Alibaki nje.

Ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Mashine ya kushona dirishani, magauni yametundikwa kwenye kamba, vitambaa vimekunjwa kwa rangi zake. Mke wa fundi alikuwa anapinda sare ya shule, pini mdomoni. Alidhani nimekuja kupima gauni. Akazitoa pini, akanikaribisha kiti.

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia, "Dada, mimi ndiye niliyetia alama."

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alichoma pini kwenye kimto chake, moja moja.

"Kwanza waliniandikia alikuwa mwoga," alisema. "Watu wakaacha kuleta nguo. Juzi wameniandikia alikufa vitani, sasa wanaleta tena. Barua zote mbili zina muhuri." Akanyoosha ile sare kwenye mapaja yake. "Uliuangalia mkono wake?"

"Niliuangalia."

"Kwa muda gani, mama?"

Ningeweza kusema dakika tano. Hakuna shahidi. Nimeshasema uongo mmoja msimu huu, na mtu yuko hai kwa ajili yake.

"Muda wa kufunga kamba ya kiatu," nikasema.

Alishusha macho kwenye miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya jeshi.

"Hebu funga nione."

Niliinama, nikaifungua kamba ya kiatu cha kulia, nikaifunga. Miaka kumi na tisa ninafunga mafundo, vidole vyangu haviwezi kwenda polepole hata nikitaka. Yeye aliangalia mpaka nilipomaliza.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

Akavuta mashine karibu, akaweka ile sare chini ya sindano, na mkono wake wa kushoto ukaanza kusukuma kitambaa.